Dhahabu Ardhini, Udongo Ukutani

Kama uko ndani ya matatu kati ya Kakamega na Kisumu jioni hii, mwombe dereva asiguse kitufe cha redio kwa muda kidogo, maana barabara hiyohiyo unayopita ndiyo nitakayoanza nayo.

Ukitoka Kakamega mjini kwenda kusini unafika Ilesi. Pale kuna lile jiwe refu lililobeba jiwe jingine kichwani, Ikhonga Murwe, ambalo wageni huliita jiwe linalolia kwa sababu ya maji yanayotiririka ubavuni mwake. Magari husimama. Watu hushuka, hupiga picha, na wenye busara hununua chungu kwa akina mama wafinyanzi wa Ilesi kabla ya kuendelea na safari. Kwenye barabara hiyohiyo iko Mukumu, misheni ya Wakatoliki iliyoanzishwa mwaka 1906, na kanisa lake kubwa la matofali. Hapo magari hayapunguzi mwendo, isipokuwa kwa ajili ya matuta.

Sina ugomvi na jiwe, na nawatakia biashara njema wanaolitunza. Ila tuna tabia ya kuyapita makanisa ya zamani kana kwamba ni mali ya Jumapili peke yake. Mkristo hulipita kanisa kwa kuwa si la dhehebu lake. Mwislamu hulipita akidhani hatakaribishwa. Kijana naye hakuna aliyewahi kumwambia mle ndani kuna nini. Wakati huohuo, wenzetu wanaojaliwa kwenda kuhiji Roma au Yerusalemu hurudi na simu zilizojaa picha za kuta za dhahabu, na wakituonyesha hutikisa kichwa: kwetu hakuna vitu kama hivi.

Haya, tuanze na hizo kuta za dhahabu. Ile kazi huitwa mozaiki, yaani picha iliyopangwa kwa vipande vidogo vya jiwe na kioo, na mabingwa wake wa kale hawako Roma unakodhania. Wako katika mji unaoitwa Ravenna, kaskazini mwa Italia, mji ambao watalii wengi huupita wakikimbilia Venice. Kanisa la San Vitale pale liliwekwa wakfu mwaka 547. Ukutani karibu na altare amesimama Kaisari Justinian na watu wake, na mkabala wake Malkia Theodora na wajakazi wake, wote wamekukazia macho. Justinian mwenyewe hakuwahi kukanyaga Ravenna. Picha ilikwenda badala yake, kama ile ya rais inayoning'inia katika kila duka na kila ofisi ya chifu hapa kwetu.

Na nani alilipa? Kumbukumbu za kanisa zinamtaja mwenye fedha mmoja, Julianus, aliyetoa vipande 26,000 vya sarafu ya dhahabu. Shika hilo jina, nitakuja kumlinganisha na mtu mwingine baadaye.

Ufundi wenyewe unafaa kuelezwa polepole. Fundi hupaka chokaa mbichi sehemu ndogo tu ya ukuta, ile anayoweza kuimaliza kabla haijakauka. Kisha huvibonyeza vipande kimoja kimoja, vingi vikiwa vidogo kuliko ukucha wa kidole chako. Kipande cha dhahabu si dhahabu tupu, maana hata kaisari angefilisika. Ni kioo kilicholazwa karatasi ya dhahabu nyembamba mno, kisha kikafunikwa kwa kioo kingine ili mkono wa mtu na moshi wa mishumaa visiifikie. Tena fundi hodari hapangi vipande vyake vikalala sawasawa. Hiki hukiinamisha kidogo, kile hukiinua, ili kila kimoja kiudake mwanga kwa upande wake. Ndiyo maana mshumaa mmoja ukitikisika, ukuta mzima unametameta, na ndiyo maana picha ya simu haiwezi kukuletea kilichoko pale.

Kazi hii haikuwa ya Wazungu peke yao. Huko Madaba, nchini Jordan, kuna kanisa ambalo sakafu yake ni ramani ya nchi takatifu ya karne ya sita, na mji wa Yerusalemu umechorwa na malango yake na barabara yake yenye nguzo. Kwenye bara letu hili, mashariki mwa Libya, pana kijiji kinachoitwa Qasr Libya. Mwaka 1957 ilifukuliwa pale sakafu ya kanisa ya mwaka 539 ikiwa na picha 50 za mraba: samaki, ndege, mito ya peponi, na katika moja ya hizo mnara wa taa wa Aleksandria, ule uliohesabiwa miongoni mwa maajabu ya dunia na ambao ulianguka zamani. Mnara umekwenda, sakafu ya kanisa la kijijini imebaki na sura yake. Mimi napenda kwamba Madaba ni mji mdogo na Qasr Libya ni kijiji. Mambo haya yana kawaida ya kubaki pale ambapo hakuna aliyekuwa na fedha za kuyang'oa na kuweka mapya.

Sasa turudi nyumbani. Makanisa ya Kakamega hayana dhahabu ukutani, na hilo lina kichekesho chake, kwa sababu dhahabu yenyewe tulikuwa nayo. Habari za dhahabu ya Kakamega zilivuma mwaka 1931. Wazungu walimiminika na mahema yao, mashamba yakachimbwa mitaro, na mgodi wa Rosterman, hapo tu nje ya mji, ukafanya kazi hadi mwaka 1952. Sheria ya mwaka 1930 ilikuwa imeahidi kwamba ardhi ya wenyeji ikichukuliwa, watapewa nyingine badala yake. Dhahabu ilipoonekana, sheria ikabadilishwa mwaka 1932, haraka haraka, ili wachimbaji wasisumbuliwe na ahadi. Mmoja wa waliopiga kelele kupinga ni kasisi Walter Owen wa misheni ya Kianglikana, ambaye serikali ya wakati huo haikumpenda hata kidogo. Dhahabu ikaondoka. Wazee wetu wakaendelea kufyatua matofali ya udongo kwa ajili ya makanisa na shule zao. Wahenga walisema penye miti hakuna wajenzi. Hapa wajenzi walikuwepo, miti ndiyo iliyobebwa.

Kwa hiyo ukiingia kanisa la zamani hapa kwetu usitafute kinachong'aa. Litazame tofali. Nakuomba ulisogelee ukuta wa Mukumu, au wa kanisa lolote la matofali ya kuchomwa la miaka ile, mpaka pua yako iwe karibu kuugusa. Utaona kwamba rangi si moja. Tofali lililokaa karibu na moto ndani ya tanuri hutoka limeiva hadi weusi, pengine limeyeyuka ubavuni likawa na ngozi ya kioo. Lililokaa pembeni hutoka la rangi ya chungwa. Fundi muashi aliyajua yote hayo. Yaliyoiva zaidi aliyaweka chini na kwenye pembe ambako mvua hupiga, na mvua ya Kakamega unaijua, hupiga karibu kila alasiri. Yale laini aliyaficha ndani. Ule ukuta umepangwa kwa akili, kipande kwa kipande, na watu ambao majina yao hayakuandikwa kwenye jiwe la msingi.

Watu hao walikuwa akina nani? Katika misheni nyingi za zamani, aliyekuja kujifunza ukatekumeni alikuja pia kufanya kazi: kuchimba udongo, kukanyaga, kubeba kuni. Ukiuliza kwa nini bibi au babu wa mtu fulani pale kijijini anajua kusoma lakini hakuwahi kulipa karo, jibu mara nyingi liko kwenye ukuta.

Na wale mapadri walitoka wapi? Wengi hudhani walipanda treni kutoka Mombasa na Nairobi. Treni ilikuwapo, ilifika Kisumu Desemba 1901, lakini amri yao ilitoka upande wa pili. Hadi mwaka 1902 sehemu hizi zetu zilihesabiwa kuwa za Uganda. Wamisionari wa Mill Hill, shirika lililoanzishwa London mwaka 1866, walipewa jimbo la Nile ya Juu mwaka 1894, makao yake yakiwa Nsambya, Kampala. Kutoka huko ndiko walikoingia Kavirondo, kama walivyoiita: Mumias mwaka 1904, Mukumu miaka miwili baadaye. Mpaka ulihamishwa kwa kalamu, kanisa likaendelea kutazama Kampala hadi 1925. Jimbo la Kakamega lenyewe lilizaliwa 1978, askofu wake wa kwanza akiwa Philip Sulumeti. Ndiyo kusema misheni ya Mukumu ina umri unaozidi ule wa jimbo lake kwa zaidi ya miaka 70.

Ukiondoka Mukumu, usirudi mjini. Shika njia ya Kaimosi. Najua sasa tumeingia Vihiga, lakini mipaka ya kaunti ni ya juzi tu. Mwaka 1902 Wamarekani watatu wa dini ya Marafiki (Quakers), Willis Hotchkiss, Edgar Hole na Arthur Chilson, walitafuta mahali penye maji ya kuendesha mashine, penye msitu na penye watu wengi. Wakaona Kaimosi. Waliiita misheni ya viwanda, na hawakutania: walijenga kinu cha kupasulia mbao, wakafundisha uashi na useremala pamoja na Injili. Mbegu yao ilishika hivi kwamba leo Kenya ndiyo nchi yenye Marafiki wengi kuliko nyingine yoyote duniani.

Ukiingia nyumba ya ibada ya Marafiki ukitoka kanisa la Kikatoliki, jicho linashtuka. Hakuna sanamu wala picha ya mtakatifu. Hakuna altare, kwa kuwa hawana mkate na divai, wala kisima cha ubatizo, kwa kuwa hawabatizi kwa maji. Kuta ni kuta, benchi ni benchi, dirisha linaonyesha miti. Mgeni mwenye haraka atasema hawa walikosa fedha za mapambo. La hasha. Fedha wangezipata, waliamua. Wanaamini nuru iko ndani ya mtu, na ukuta wenye picha utamwibia macho. Mimi ni mpenda rangi, nakiri, lakini nimekaa ndani ya nyumba hizo nikaona kwamba ukuta mtupu uliopigwa lipu kwa mikono unavutia ukiupa muda, kwa sababu alama za mwiko wa fundi zinaanza kuonekana.

Tena si mbali na hapo, upande wa Jebrok, kuna Nineveh, makao ya Kanisa la African Israel Nineveh lililoanzishwa na Zakayo Kivuli mwaka 1942. Hawa ni Waafrika waliojianzishia kanisa lao wenyewe. Hawakuziweka rangi zao ukutani. Zimo katika kanzu na vilemba vyao na zile bendera wanazobeba wakiandamana barabarani Jumapili na ngoma. Nawahimiza wanaofika Kaimosi wasiache kwenda huko, ingawa ukifika siku ya kazi utakuta uwanja na majengo, na mapambo yote yamekunjwa kabatini nyumbani kwa waumini.

Mumias tupite kwa heshima, maana habari yake inatupeleka pwani. Mumias ni mji wa Nabongo, mfalme wa Wawanga, ni mji wenye misikiti ya siku nyingi, na ulikuwa kituo cha misafara iliyokwenda Uganda. Mwaka 1885 Askofu James Hannington wa Kianglikana alipita hapo, akiwa ameamua kuingia Uganda kwa njia ya mashariki ambayo Kabaka Mwanga aliiogopa. Tarehe 29 Oktoba aliuawa Busoga. Mifupa yake ililetwa Mumias ikazikwa hapo, na ikakaa hadi Askofu Alfred Tucker alipoihamisha mwaka 1892 kwenda kuzikwa Namirembe. Kwa miaka kadhaa kaburi la mtu ambaye Uingereza nzima ilikuwa ikimsoma magazetini lilikuwa ndani ya Kakamega ya leo. Kumbukumbu yake ukitaka kuiona kwa jengo, nenda Mombasa: kanisa kuu la Kianglikana pale, la mwaka 1905, lilijengwa kumkumbuka yeye na wenzake, na waliolichora hawakuona haya kulivika kuba na matao ya Kiarabu, kiasi kwamba mgeni wa Mombasa huvua viatu mlangoni kabla hajaona msalaba.

Na kwa kuwa tumetaja safari ya pwani, ngoja niseme neno juu ya njia. Basi la Nairobi likishika njia ya chini, litapita Mai Mahiu, chini ya ule mteremko. Kando ya barabara kuna kanisa dogo, dogo kweli, watu kumi na wawili wakiingia limejaa. Lilijengwa na Waitaliano mateka wa vita mwaka 1942, walewale waliotengenezeshwa barabara hiyo. Dereva wa basi hatasimama. Wa matatu ndogo ukimwomba vizuri atasimama. Nyeri kuna kanisa jingine la Waitaliano, la mwaka 1952, lenye mabaki ya askari wao 676, na mkuu wao, Duke wa Aosta, aliyefia utekwani Nairobi, amezikwa humo. Murang'a kuna kanisa kuu la Mtakatifu James ambalo kuta zake zilichorwa na Elimo Njau, mzaliwa wa Kilimanjaro aliyesomea Makerere. Alimchora Yesu amezaliwa na kuteswa katika nchi ya Wagikuyu, miaka michache tu baada ya vita vya Mau Mau kuwatenganisha ndugu wa vijiji hivyohivyo. Hiyo si mozaiki, ni rangi juu ya ukuta, lakini nikiambiwa nichague kanisa moja tu la Kenya la kumpeleka mgeni anayejua sanaa, nitamwambia afunge mkanda twende Murang'a.

Mozaiki yenyewe, msikilizaji, ile ya vipande, iko ng'ambo ya maji: Unguja, mtaa wa Mkunazini, katika kanisa kuu la Kristo.

Wengi wanalijua kanisa hilo kwa sababu moja, nayo inatosha: limejengwa juu ya soko la watumwa. Soko lilifungwa Juni 1873 kwa mkataba ambao Sultani Barghash alilazimika kuutia saini, na Krismasi ya mwaka huohuo jiwe la msingi likawekwa. Mbele ya altare kuna duara la marumaru nyeupe lililozungushiwa nyekundu; huonyeshwa kuwa ndipo uliposimama mti walipofungwa watu na kuchapwa. Kwenye nguzo moja kuna msalaba wa mbao za mti wa Chitambo, kule Zambia, ambao moyo wa Livingstone ulizikwa chini yake. Wageni huonyeshwa hayo, hunyamaza, hupiga picha, hutoka.

Wewe ukifika, usitoke. Mjenzi wa kanisa hilo alikuwa Askofu Edward Steere, yuleyule ambaye kitabu chake cha mwaka 1870 kiliwafundisha wageni wengi Kiswahili. Hakusomea uhandisi wala ujenzi. Alilimwagia paa la mviringo kwa mchanganyiko wa mawe ya matumbawe na saruji, upana wote kwa mruko mmoja, na waliojua kazi wakatabiri litaanguka. Steere alikufa mwaka 1882 akazikwa nyuma ya altare, na paa liko juu yake hadi leo. Kuna nguzo fupi za marumaru nyuma ya kanisa ambazo mafundi walizisimamisha kichwa chini miguu juu askofu akiwa safarini. Aliporudi akaziacha hivyohivyo. Mimi humheshimu zaidi kwa hizo nguzo kuliko kwa paa.

Kisha utazame mapambo ya altare. Hapo ndipo penye mozaiki. Haikulipiwa na kaisari wala na mtu wa benki. Ilitolewa na mwalimu, Bi Caroline Thackeray, binamu wa yule mwandishi wa riwaya wa Uingereza, William Makepeace Thackeray. Alifika Unguja mwaka 1877, akafundisha hadi 1902 kwenye shule ya wasichana ya Mbweni, kusini mwa mji. Wanafunzi wake walikuwa mabinti waliotolewa majahazini na manowari zilizowinda wafanyabiashara ya watumwa, watoto wasiojua tena njia ya kurudi kwao. Mbweni kuna magofu ya shule hiyo na kanisa dogo la Mtakatifu Yohana la mwaka 1882, na huko watalii ni wa kuhesabika.

Sasa mweke yule Julianus wa Ravenna na sarafu zake 26,000 upande mmoja, na mwalimu wa Mbweni upande mwingine. Kazi ya Unguja ni ndogo, na mtu aliyetoka San Vitale jana anaweza kuipita bila kuinua macho. Mimi nadhani ndiyo inayostahili safari, kwa sababu pale unajua aliyetoa ni nani na aliwafundisha akina nani.

Na kabla misheni hazijafika, pwani yetu ilikuwa imeshajua kazi ya kupachika vitu ving'aavyo ndani ya chokaa. Makaburi ya nguzo ya Mambrui na Kunduchi yalipambwa kwa mabakuli na sahani za kaure kutoka Uchina, zimebonyezwa kwenye lipu bado mbichi, sawa kabisa na yule fundi wa Ravenna. Nyingi zimeng'olewa na wezi na wakusanyaji. Pamebaki mashimo ya duara yanayokuonyesha sahani ilikuwa na ukubwa gani.

Hata Kakamega hatuko mbali sana na hayo. Nenda duka lolote la vifaa vya ujenzi mjini, utaona nyuma ya duka rundo la vigae vilivyovunjika, taili kama tunavyosema mtaani. Muuzaji huvitoa kwa bei ya bure. Fundi huvibeba kwa gunia, huvivunja zaidi kwa nyundo, huvipanga kwenye baraza la nyumba, buluu karibu na nyeupe, kahawia pembeni, na katikati nyota au mwaka nyumba ilipoisha. Mapengo huyajaza saruji. Lurambi yapo mabaraza ya namna hiyo, Shinyalu yapo, na makaburi ya wazee wetu kwenye boma nyingi yamefanyiwa hivyohivyo. Ukimwuliza fundi alijifunza wapi, atakwambia ni kuokoa gharama tu. Huyo, msikilizaji, ni fundi wa mozaiki. Anachokosa ni ukuta wa kanisa.

Kinachoniudhi ni hiki. Makanisa yetu ya zamani yanafanya harambee, na fedha zikipatikana, kamati ya ujenzi inakwenda kununua taili, masanduku kwa masanduku, zote sawa, zote za kung'aa. Sakafu ya saruji nyekundu iliyosuguliwa kwa nta na akina mama wa Jumamosi kwa miaka mingi inafunikwa. Tofali linapigwa lipu na rangi ya krimu. Jiwe lenye tarehe linafichwa nyuma ya spika. Nami nikitembelea najikuta ndani ya jengo linalofanana na ukumbi wa benki, nikiteleza. Sisemi paa linalovuja lisizibwe. Nasema kamati ikikaa, mtu mmoja aulize: kilicho chini ya taili kiliwekwa na nani, na je, yule fundi wa mabaraza kwa nini hapewi ukuta nyuma ya altare na magunia yake matatu ya vigae vilivyovunjika? Ingekuwa rahisi zaidi, na hakuna kanisa jingine duniani ambalo lingekuwa na ukuta kama huo.

Nimalizie kwa wanaotaka kutoka. Siku nzuri ni ya kazi, au Jumamosi kabla ya saa nane, maana baadaye kuna harusi na mazoezi ya kwaya. Anza ofisini: paroko, katekista, au karani wa mkutano wa Marafiki. Jitambulishe, sema umekuja kuangalia jengo, na utaona nyuso zinavyochangamka, kwa sababu mara nyingi hakuna aliyewahi kuja kwa shughuli hiyo. Kofia ivuliwe na simu inyamazishwe. Usipande altare bila kuambiwa, na ukimkuta mtu anasali, subiri nje. Weka kitu kwenye sanduku la sadaka hata kama dini si yako. Kanisa kuu la Unguja utalipa kiingilio na kupewa mwongozaji. Mwambie mapema kwamba unataka kuiona mozaiki, la sivyo atakuharakisha kwenda kwenye vyumba vya watumwa. Ukianzia Kaimosi asubuhi unaweza kuwa Mukumu adhuhuri na Mumias kabla ya jua kutua, kwa matatu na bodaboda tu. Na ukikuta mlango umefungwa usikate tamaa. Mwenye ufunguo yupo, na si ajabu ukamkuta ng'ambo ya barabara anauza sukuma wiki.